VIPIMO VYA AKILI: HUPIMA NINI, NA ALAMA ZAKE ZINA UZITO GANI?

Wasomaji wengi, wa mashamba na wa miji, wamekwisha kusikia habari za vipimo vya akili. Kijana aendaye kuomba kazi katika kampuni kubwa hupewa karatasi yenye safu za michoro, akaambiwa ataje mchoro upi unafuata. Mzazi aliyempeleka mtoto wake mzito wa kusoma kwa mtaalamu hurudi nyumbani na karatasi yenye tarakimu, tuseme 84, wala hapewi maelezo ya kutosha. Na mwenye simu ya mkononi huletewa maswali ishirini, kisha baada ya dakika kumi huambiwa kwamba akili yake ni 140. Huyu wa mwisho hutembea kwa maringo siku nzima, na haidhuru. Lakini yule mzazi halali usiku, maana hajui kama ile 84 ni hukumu ya maisha ya mtoto wake, au ni habari ya siku moja tu, au ni kosa.

Makala hii ni kwa ajili yake yeye hasa.

Kwanza yafaa tutenge vitu viwili ambavyo huchanganywa kila siku. Mtihani wa shule huuliza yale uliyofundishwa na mwalimu. Mtihani wa K.C.P.E., uliofanywa katika Kenya tangu mwaka 1985 hata mwaka 2023, ulikuwa wa namna hiyo. Kipimo cha akili hudai kwamba chauliza yale ambayo hukufundishwa na mtu: jinsi uwezavyo kuona mpango katika mambo mageni, kukumbuka, kulinganisha, na kukata shauri upesi. Tumesema "hudai" kwa kusudi, kwa kuwa katika neno hilo ndimo ugomvi wote ulimo.

MWANZO WAKE

Mwaka 1882 Ufaransa ilifanya sheria ya kuwalazimisha watoto wote kwenda shule. Kabla ya hapo mtoto aliyeshindwa na masomo alirudi shambani, na hakuna aliyemwuliza neno. Sasa alibaki darasani, na mwalimu akataabika naye. Mwaka 1904 Waziri wa Elimu aliweka tume itafute njia ya kuwatambua watoto waliohitaji mafundisho ya pekee, na mmoja wa watu wa tume hiyo alikuwa Bwana Alfred Binet, mzaliwa wa mji wa Nice. Hatari aliyoiona ni hii: ikiwa mwalimu peke yake ndiye atakayesema nani hawezi, basi mtoto mkorofi, au asiyesikia vizuri, au yule ambaye mwalimu hampendi tu, ataandikwa mjinga na kuondolewa darasani. Kwa hiyo kipimo chake kilitungwa kwanza ili kumwokoa mtoto na hukumu ya upesi. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa sababu baadaye kilitumiwa kwa kinyume chake.

Binet alikuwa amekwisha kujaribu njia nyingine. Wakati ule wataalamu wengi wa Ulaya walipima vichwa vya watu, wakidhani kwamba kichwa kikubwa kina akili nyingi. Yeye naye alivipima vichwa vya watoto wa shule, akaona kwamba tofauti ya waliofaulu na walioshindwa ni ndogo mno, akaiacha kazi hiyo. Nyumbani kwake aliwatazama binti zake wawili walivyokuwa wakikua, akaona kwamba kila mmoja afikiri kwa namna yake mwenyewe. Basi mwaka 1905 yeye na daktari kijana Théodore Simon walitoa kazi fupi fupi 30, zikianza na zilizo nyepesi na kuendelea hata zilizo ngumu: kukifuata kwa macho kijiti cha kiberiti kinachowaka, kutaja vitu vilivyomo katika picha, kurudia tarakimu zilizosomwa, kueleza tofauti ya nzi na kipepeo, au ya mti na kioo. Mwaka 1908 wakazipanga kwa umri, yaani zipi ambazo watoto wengi wa miaka sita huziweza, zipi za miaka saba, na kadhalika. Mtoto wa miaka tisa asiyeweza ila zile za miaka sita alihitaji msaada.

Binet hakusema kwamba amepima akili kama mtu apimavyo urefu wa mti au uzito wa gunia la mahindi. Aliwapinga vikali waliosema kwamba akili ya mtu ni kitu kisichoongezeka, akatunga mazoezi ya kuwatia watoto wazito nguvu ya kusikiliza, kukumbuka na kufikiri. Alikufa mwaka 1911. Mengi yaliyotendwa kwa kipimo chake hakuyaona.

Mwaka 1912 Mjerumani William Stern alishauri kwamba umri wa akili ugawanywe kwa umri wa kuzaliwa, na mwaka 1916 Bwana Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, huko California, akazidisha jibu kwa 100 ili kuepuka sehemu za hesabu. Mtoto wa miaka 8 afanyaye kazi za miaka 10 alipata 125. Mtoto wa miaka 10 afanyaye kazi za miaka 8 alipata 80. Ndiyo hiyo alama ambayo Wazungu huiita kwa herufi mbili tu, I na Q. Hesabu hii yawafaa watoto, lakini kwa mtu mzima ni upuuzi, maana hakuna kazi ambazo mtu wa miaka 50 huziweza na mtu wa miaka 40 asiziweze kwa sababu ya umri wake. Kwa hiyo mwaka 1939 Bwana David Wechsler wa hospitali ya Bellevue, New York, alitoa kipimo kinachomlinganisha kila mtu na watu wa umri wake, na desturi hiyo ndiyo inayofuatwa hata leo. Katikati huwekwa 100. Katika watu 100, kadiri ya 68 huwa kati ya 85 na 115. Wawili au watatu hupita 130, na kadiri iyo hiyo huwa chini ya 70.

Maana yake ni kwamba alama ya akili ni mahali pa mtu katika mstari. Mwenye 140 hana akili mara mbili ya mwenye 70, kama vile mtoto wa tano darasani asivyokuwa na elimu mara mbili ya mtoto wa kumi. Yule mtoto mwenye 84 tuliyemtaja, tukiwapanga watoto 100 wa rika lake, nyuma yake wamesimama 14 hivi. Tena ile 84 yenyewe si thabiti. Hata kipimo kizuri huyumba kadiri ya alama tano huku na huku, na watungaji wenyewe huandika hivyo katika kitabu chao cha maelekezo. Mtoto huyo huenda ni wa 79, au wa 89. Aliyelala njaa, mwenye homa, aliyeogopa uso wa mgeni, huanguka chini zaidi. Aliyekwisha kukifanya kipimo hicho hicho mara moja hupanda kwa mazoea tu.

Mtu aweza kuuliza, alama tano ni kitu gani? Katika Marekani ziliwahi kuwa uhai wa mtu. Mwaka 2002 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikataza kuwanyonga au kuwaua kwa njia yoyote wahalifu wenye upungufu mkubwa wa akili. Jimbo la Florida likakata mpaka wake penye 70: aliyezidi hapo hata kwa moja hakuruhusiwa kuleta ushahidi mwingine. Freddie Lee Hall, aliyehukumiwa kwa uuaji wa mwaka 1978, alikuwa na alama 71. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamua, majaji watano juu ya wanne, kwamba Florida ilikosea kuishika tarakimu moja kana kwamba haina kuyumba, na mwaka 2016 hukumu yake ya kifo ilibadilishwa kuwa kifungo cha maisha.

YALIYOMO NDANI YA KIPIMO

Kipimo kamili, kile afanyacho mtaalamu na mtu mmoja mezani kwa muda wa saa nzima au zaidi, ni mkusanyiko wa kazi nyingi zisizofanana. Iko ya kupanga vibao vyenye rangi vifanane na picha. Iko ya kurudia tarakimu kwa kwenda mbele, kisha kwa kurudi nyuma. Liko fungu la maana za maneno, na fungu la kusema vitu viwili vyafanana kwa jambo gani. Mengine hutaka upesi tu, kama kunakili alama kwa dakika mbili. Bwana J. C. Raven, Mwingereza, alitoa mwaka 1938 kipimo kisicho na maneno kabisa: michoro mitupu yenye pengo, nawe watafuta kipande cha kuliziba.

Kabla ya Binet kutoa kazi zake, Mwingereza mwingine, Charles Spearman, aligundua mwaka 1904 jambo ambalo mpaka leo halijakanushwa: mtu afanyaye vema katika fungu moja, aghalabu hufanya vema katika mengine pia. Yeye akasema kwamba chini ya mafungu yote iko nguvu moja ya jumla. Kwamba mafungu hufuatana, wataalamu wote wakubali. Kwamba sababu ya kufuatana ni kitu kimoja kilichomo ndani ya ubongo, ama ni nguvu nyingi zinazosaidiana, ama ni afya, shule na malezi yanayoyainua yote pamoja, hapo wangali wakibishana. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kipimo hakipimi chochote, amekosea. Na akikuambia kwamba chapima akili yenyewe, amesema zaidi ya ajuavyo.

WALIOPIMA KWA HARAKA

Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, Bwana Robert Yerkes na wenzake waliwapima askari kadiri ya 1,700,000. Waliojua kusoma Kiingereza walipewa karatasi moja, wasiojua walipewa nyingine ya picha. Katika ile ya kwanza waliulizwa Crisco ni kitu gani: dawa ya dukani, dawa ya kuua vijidudu, dawa ya meno, au chakula? Ni mafuta ya kupikia, yaliyokuwa yakiuzwa katika maduka ya Marekani. Katika ile ya picha askari alionyeshwa kiwanja cha mpira wa tenisi, akatakiwa achore kilichopungua. Kilichopungua ni wavu. Mkulima aliyetoka Italia ya kusini, ambaye hajaona tenisi maisha yake yote, aliandikwa kuwa ni mpungufu wa akili kwa sababu ya wavu huo.

Baada ya vita Bwana Carl Brigham aliandika kitabu mwaka 1923, akasema kwamba hesabu hizo zathibitisha kuwa watu wa Ulaya ya kaskazini wana akili kupita wa kusini na mashariki, na kupita watu weusi. Waliotaka kuwazuia wageni wakazishika hesabu hizo kwa furaha, na mwaka 1924 sheria kali ya wageni ikapita. Walakini ndani ya hesabu zile zile mlikuwamo jibu lililo wazi. Wageni waliokaa Marekani miaka ishirini walipata alama kama wenyeji. Waliokaa miaka mitano tu walipata chache. Na watu weusi wa majimbo ya kaskazini, kama Illinois, New York na Ohio, palipokuwa na shule, walipita Wazungu wa majimbo kama Mississippi, Arkansas na Kentucky. Ikiwa damu ndiyo iliyopimwa, haiwezekani iongezeke kwa kukaa au kwa kuhama. Brigham mwenyewe aliyafuta maneno yake kwa maandishi mwaka 1930, na kwa hilo anastahili heshima. Lakini sheria ilikuwa imekwisha kupita.

Kenya nayo haikuokoka. Mwaka 1932 kilipigwa chapa Nairobi kitabu cha kipimo cha akili kwa Waafrika, kilichotungwa na Bwana R. A. C. Oliver, na katika miaka iyo hiyo Daktari H. L. Gordon wa hospitali ya Mathari na Daktari F. W. Vint walijaribu kuonyesha, kwa kupima vichwa na bongo za maiti, kwamba ubongo wa Mwafrika wa Kenya ni duni kwa kuzaliwa. Mwaka 1933 chama cha walowezi na madaktari kiliundwa Nairobi kwa ajili ya mambo hayo, na Serikali ya Uingereza ikaombwa fedha za uchunguzi mkubwa, haikuzitoa. Haya hayakuwa maneno ya wasomi tu. Ilikuwa miaka ambayo watu walikuwa wakishindana juu ya swali kama inafaa kumjengea mtoto wa Kiafrika shule ya sekondari au kumfundisha useremala peke yake, na mtu aliyekwisha kusema kwamba ubongo haupokei elimu ametoa jibu la swali hilo kabla ya kuhesabu gharama za matofali. Njia yenyewe ilikuwa ile ile ya vichwa ambayo Binet aliitupa miaka thelathini kabla yao.

AKILI NI NYWELE

Waswahili husema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mfasiri akutanapo na neno la Kizungu linalotumiwa katika vipimo hivi huandika "akili" na kuendelea, maana hana neno jingine. Lakini moyoni ajua kwamba hajafika. Mswahili asemapo "yule ana akili" aweza kumaanisha mwanafunzi mwepesi, au mzee asiyesema ovyo barazani, au mama ajuaye kuigawa fedha kidogo hata mwisho wa mwezi. Kwa mengine tuna busara, hekima, maarifa, werevu, na hata ujanja, ambao ni akili iliyopotea njia.

Lugha nyingine za Kenya zina mgawanyo wake. Wachunguzi waliokaa na Wajaluo, na kutoa habari zao mwaka 2001, walikuta maneno manne. Rieko ni ujuzi na wepesi, pamoja na ule wa shule. Luoro ni heshima na kujali wengine. Winjo ni kufahamu jinsi ya kuyaendea mambo ya maisha. Paro ni kuwaza na kuanzisha jambo. Katika hayo manne, rieko peke yake ndiyo iliyofuatana na alama za shule na za vipimo. Wakipsigis nao husema mtoto ni ng'om, na maana yake ni mwepesi na pia mwenye kutegemewa, yule ambaye waweza kumwachia ng'ombe au mtoto mchanga bila kurudi kumchungulia. Wakitaka kusema ni hodari wa masomo tu huongeza neno la shule. Sehemu ile ya kutegemewa haimo katika kipimo chochote cha vibao na tarakimu.

Mfano ulio wazi kupita yote watoka Usenge, karibu na Ziwa Victoria. Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto 85 wa miaka 12 hata 15. Mbali na vipimo vya kawaida, waliwauliza habari za dawa za miti shamba: tumbo likiuma hivi, ni mnyoo gani, ni jani lipi, kiasi gani? Watoto wa huko huzijua dawa hizo na kuzitumia wenyewe. Ikaonekana kwamba waliojua zaidi habari za dawa walipata alama chache zaidi katika maneno ya Kiingereza na ya shule. Hakuna aliyekuwa mjinga hapo. Jamaa nyingine zilimtazamia mtoto amalize shule aende mjini, nyingine zilimtazamia akae na kuijua nchi yake, na kila mtoto alijaza akili yake kwa yale aliyotarajiwa kuyajua.

Bwana Robert Serpell alifanya jaribio la namna hii mwaka 1979 kwa watoto wa Zambia na wa Uingereza, akiwapa kazi ya kuiga umbo. Kwa kalamu na karatasi Waingereza waliwapita Wazambia. Kwa waya, ambao watoto wa Zambia hutengeneza magari ya kuchezea kama wafanyavyo watoto wetu, Wazambia waliwapita Waingereza. Kwa udongo wa kufinyanga walikuwa sawasawa. Ikiwa kipimo kingefanywa kwa karatasi tu, mtu angeandika kitabu juu ya upungufu wa macho ya Waafrika.

Na huko Liberia, kati ya Wakpelle, wachunguzi waliwapa wakulima watu wazima vitu 20 wavipange vinavyopatana. Walitazamia vyakula vikae na vyakula, na vyombo na vyombo. Wakulima wakaweka kisu pamoja na chungwa, kwa kuwa kisu hukata chungwa, wakasema kwamba mwenye akili ndivyo afanyavyo. Mwishowe mchunguzi mmoja, baada ya kuchoka, akauliza: Je, mpumbavu angevipangaje? Mara vyakula vikakaa upande huu, na vyombo upande huu, sawasawa kama kitabu kilivyotaka.

JE, ALAMA ZINA MAANA YOYOTE?

Baada ya kusoma hayo, mtu aweza kutaka kuitupa karatasi motoni. Asifanye hivyo upesi. Tarehe 1 Juni, 1932, karibu watoto wote wa Scotland waliozaliwa mwaka 1921, jumla yao 87,498, walifanya kipimo kimoja siku moja. Karatasi zao zikawekwa, zikasahauliwa kwa miaka mingi. Mwishoni mwa karne iliyopita Bwana Ian Deary na wenzake walizipata, wakawatafuta wazee waliokuwa hai, wakawapa kipimo kile kile. Kwa sehemu kubwa, waliokuwa mbele wakiwa na miaka 11 walikuwa mbele wakiwa na miaka 77. Tena ilionekana katika mji wa Aberdeen kwamba waliopata alama nyingi utotoni walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kufika umri wa miaka 76. Alama hizo hufuatana pia na kufaulu shuleni, na kwa kadiri ndogo zaidi na kufanya vema kazini, hasa kazi za kujifunza mambo mapya kila mara. Hivyo si kweli kwamba kipimo ni mchezo mtupu.

Lakini hayo yote ni habari za watu wengi kwa pamoja, na mtu mmoja aweza kuyavunja. Bwana Terman, yule wa California, tangu mwaka 1921 alichagua watoto zaidi ya 1,500 wenye alama kubwa sana, akawafuata maisha yao yote. Wengi walipata kazi nzuri na maisha ya raha. Hata hivyo hakuna mmoja wao aliyepata tuzo ya Nobel, na watoto wawili waliopimwa na kukataliwa kwa sababu alama zao hazikutosha, William Shockley na Luis Alvarez, waliipata wote wawili kwa elimu ya fizikia, mwaka 1956 na mwaka 1968.

Tena alama hubadilika kwa shule. Wachunguzi Stuart Ritchie na Elliot Tucker-Drob walikusanya mwaka 2018 habari za watu zaidi ya 600,000, wakaona kwamba kila mwaka wa shule unaoongezwa huongeza alama moja hata tano. Mama mjamzito akikosa madini ya aidini, yale ambayo ukosefu wake huleta rovu shingoni, ubongo wa mtoto huumia kabla ya kuzaliwa. Ndiyo sababu chumvi ya kula hutiwa madini hayo kwa sheria. Risasi iliyomo katika rangi za zamani, na katika vumbi la viwanda vya kuyeyusha betri, hushusha alama za watoto walioivuta. Hizi ni habari ambazo vipimo vya akili vimetusaidia kuzijua, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo kazi yao iliyo bora kupita kuwapanga watoto katika safu.

Mzazi aliyepewa karatasi ana haki ya kuuliza maswali, na mtaalamu mwema hatachukizwa nayo. Mtoto alipimwa kwa lugha gani, na je, ndiyo lugha aotayo ndoto? Alilinganishwa na watoto wa nchi gani, na wa mwaka gani? Macho na masikio yake yalitazamwa kwanza? Je, alikuwa mgonjwa siku ile? Kisha aombe alama za kila fungu mbali mbali, maana ile jumla moja huficha mengi: mtoto mwenye 84 aweza kuwa hodari wa michoro na dhaifu wa maneno ya Kiingereza tu, na msaada wake ni mwingine kabisa kuliko wa mtoto aliye chini kote. Kama shule yataka kumhamisha kwa sababu ya tarakimu hiyo peke yake, aombe apimwe tena baada ya miezi kadhaa, kwa kipimo kingine.

Swali lile la mwaka si dogo. Bwana James Flynn wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, alionyesha katika miaka ya 1984 na 1987 kwamba katika nchi nyingi watu walikuwa wakipata alama zaidi kizazi baada ya kizazi, kadiri ya tatu kila miaka kumi, hata ikawapasa watunga vipimo kuvifanya vigumu upya. Katika nchi chache, kama Norway na Denmark, kupanda huko kumekoma baadaye na hata kurudi nyuma. Ulikuwa muda mfupi mno kwa damu ya watu kubadilika.

Kwa muda mrefu watu walidhani kwamba jambo hilo ni la nchi zenye viwanda tu. Kisha mwaka 2003 Tamara Daley na wenzake walitoa habari za Embu. Watoto wa huko, wenye umri wa miaka saba hivi, walikuwa wamepimwa mwaka 1984, na wengine wa umri huo huo, katika vijiji vya Embu vivyo hivyo, wakapimwa mwaka 1998. Alama zilikuwa zimepanda katika ile miaka 14, na zaidi ya yote katika michoro ya Raven, ile isiyo na maneno, ambayo ilidhaniwa kuwa haiguswi na malezi. Wachunguzi walipotafuta sababu, zilizopatana zaidi na habari walizozikusanya zilikuwa wazazi waliojua kusoma kuliko waliowatangulia, mabadiliko katika jamaa za nyumbani, na chakula na afya ya watoto.